Rejista Niliyoiita Hewa

Alhamisi, mvua za Machi

Mvua ilianza kabla ya jogoo, ikakoma saa nne bila kuaga. Sasa ukungu umelala juu ya Izia ninakokaa, na baridi inapenya chini ya mlango. Nimevaa koti la mtumba lililoshonwa kwa ajili ya nchi yenye theluji, na nina furaha. Naliweka hili mbele kwa sababu yatakayofuata yanaweza kumfanya msomaji adhani naandika nimeinamisha kichwa. Sijainamisha. Nimekosea vibaya, nimejua nilipokosea, nimerekebisha, na leo nalisema. Mtu aliyefanya hayo ana haki ya kukaa wima kwenye kiti chake.

Wiki iliyopita niliandika hapa hapa kwamba rejista ya mashamba ya kijiji chetu ni hewa. Nilisema aliyepewa kazi ya kuijaza amezoea semina na chai ya saa nne, akarudisha makapi. Sikumtaja jina. Huo ndio ujanja wa waoga, na nimewakemea wengine kwa ujanja huo huo. Niliandika "mwalimu mmoja mstaafu", na kijiji kizima kina mwalimu mstaafu mmoja.

Rejista haikuwa hewa.

Kwa wanaonisoma kwa mara ya kwanza, jambo lenyewe ni hili. Kijiji chetu kiko nyuma ya Pito, kwetu Wafipa, kimepakana na shamba kubwa lililokuwa la serikali. Serikali ikachoka kulima, ikabinafsisha. Mnunuzi akaja na ramani, na ramani yake ilikuwa na tumbo kubwa kuliko shamba alilonunua. Ilivuka korongo, ikapanda kilima, ikameza mashamba ambayo babu zetu walilima kabla ya mtu yeyote kutuletea neno "mwekezaji". Mpima wake alipita mwezi wa tisa, wakati wa kiangazi, akaandika juu ya eneo lote: ardhi isiyotumika.

Alichokiona ni ntumba. Mfipa hahitaji kuelezwa, ila wengine mnisikilize. Mvua zinapokaribia mwisho tunalaza majani, tunayakusanya mafungu ya mviringo, tunayafunika kwa udongo. Juu yake unaweza kuotesha maharage, au ukayaacha yalivyo. Chini majani yanaoza, yanakuwa chakula cha udongo, na mvua mpya zikija tunayasambaza na kupanda ulezi au mahindi. Kwa hiyo kiangazi shamba la ntumba ni vichuguu visivyo na mmea hata mmoja. Mpita njia anaona uwanja ulioachwa. Mwenye shamba anajua kazi kubwa ya mwaka imeshafanyika, iko chini.

Nilimshambulia mpima yule kwa makala nne. Nilisema ana macho ya mtalii na peni ya mnyang'anyi. Sifuti hata neno moja katika hizo nne.

Mkutano wa kijiji ukaamua tuandike rejista yetu wenyewe: kila shamba, mwenye nalo, majirani zake wa pande zote, hali yake, na msimu wa mwisho lilipolimwa. Mwalimu Desideria, aliyenifundisha kusoma darasa la kwanza, akakubali kutembea shamba hadi shamba na madaftari. Mimi nikakubali kutengeneza programu.

Nikaitengeneza kwa Lisp, lugha kongwe ya kuandikia programu, na kuna watu mjini bado wananicheka. Wanasema nina lugha ya mizimu. Wenzangu wanataka programu zinazokuja ndani ya maboksi, zenye picha ya mzungu anayetabasamu. Soko huria limetuletea vitu vingi ambavyo haturuhusiwi kuvifungua: mbegu usiyoweza kuihifadhi ukaipanda tena, redio ambayo fundi hana bisibisi ya skrubu zake, na programu unayoitumia miaka kumi bila kujua ndani yake mna nini. Nilikuwa kwenye chumba cha kompyuta cha shirika la umma kule Dar es Salaam siku lilipouzwa. Wanunuzi walitupa vitabu kwenye pipa. Mimi nilitoka na barua ya kupunguzwa kazi na kitabu kinene cha Lisp nilichokiokota humo humo pipani, na mpaka leo sijui kipi kati ya hivyo viwili kilinifaa zaidi. Naam, najua. Ni kitabu.

Lisp haina boksi. Programu ikiwa inaendelea kufanya kazi, unaweza kuingia ndani yake, ukamshika mtu au shamba au barua iliyo humo, ukamuuliza habari zake, ukabadilisha tabia yake, na programu isizimike. Mazingira ninayofanyia kazi yana kikaguzi kwa ajili hiyo. Ni dirisha. Unakielekeza kwenye kitu chochote kilicho hai ndani ya programu, nacho kinakuorodheshea nafasi zote za kitu hicho na kilichomo katika kila nafasi. Nimekipenda kikaguzi hicho kuliko ninavyowapenda baadhi ya ndugu zangu.

Na penzi hilo ndilo lililoniponza.

Mwalimu Desideria alitembea miezi miwili. Jioni alikuwa anapita ofisi ya parokia, wanakompa nafasi kwenye kompyuta, anajibu maswali ya fomu niliyomwandalia kwa Kiswahili. Alipomaliza alinitumia rejista yote kwenye flashi, imefungwa ndani ya kitambaa kama dawa ya mtoto. Sehemu ya programu ya kuchapisha ripoti nilikuwa bado sijaiandika. Nikafanya ninachofanya siku zote: nikafungua kikaguzi, nikakielekeza kwenye shamba la kwanza lililokuja mkononi.

Mwenye shamba: tupu. Majirani: tupu. Hali: tupu. Msimu wa mwisho: tupu.

Nikafungua la pili. Tupu. Nikafungua la saba, la ishirini, la mwisho kabisa. Kila nafasi ilikuwa na lile neno la Kiingereza linalomaanisha kwamba hapa hapajawahi kujazwa kitu.

Kutoka nyumbani kwangu hadi kwa Mwalimu ni mwendo wa saa moja na nusu kwa baiskeli. Kutoka kwenye kiti changu hadi kwenye kalamu ni kunyoosha mkono. Nikanyoosha mkono. Niliandika kwa hasira tamu, ile inayofanya sentensi zijipange zenyewe, nikaenda mjini kuipandisha mtandaoni, nikarudi nikala vizuri.

Aliyeniamsha ni Salumu. Salumu ana duka la vifaa vya ujenzi, na nyuma ya mifuko ya saruji ameweka mashine za intaneti. Babu yake alikuwa anauza chumvi na vitambaa hapo hapo. Jumamosi nilipoingia alinikaribisha kwa kicheko, akasema makala yangu imemmalizia karatasi, watu wanachapa wanaondoka nayo. Nikauliza watu gani. Akasema vijana, walimu, na yule bwana wa gari jeupe wa mwekezaji, ambaye alichukua nakala nyingi kuliko wote na kuziweka kwenye faili.

"Mzee wa kalamu," akasema Salumu, "safari hii umewachapa wa kwenu."

Nilicheka pia. Nilitoka nje, nikasimama juu ya ngazi, ndipo kicheko kikaisha. Jumamosi ijayo, yaani keshokutwa, watu wa wilaya wanakuja kijijini kusikiliza pande zote mbili, na shamba ambalo halitathibitishwa kuwa na mtu litaingia kwenye ramani ya mwekezaji. Ushahidi wa kijiji ni rejista. Na sasa mwekezaji alikuwa na karatasi iliyoandikwa na mtetezi mkali kuliko wote wa kijiji, inayosema rejista ni hewa.

Hata hapo sikusema nimekosea. Nataka hili liandikwe. Nilijisemea kwamba ukweli ni ukweli hata ukimfaidi adui, na nikajiona shujaa njia nzima ya kurudi nyumbani.

Jumatatu asubuhi Mwalimu Desideria alifika barazani kwangu. Alikuwa amevaa buti za mvua na koti la marehemu mumewe, na mkononi ana mfuko wa nailoni wenye madaftari. Nilimwamkia. Akanitazama.

"Shikamoo yako iweke kwanza," akasema. "Washa mashine."

Hakukaa mpaka nilipoiwasha. Aliniambia nifungue shamba la jirani yake, Mama Yustina, ambalo linapakana na lake kwa mti wa mlungulungu, na ambalo yeye mwenyewe amelipita kila siku kwa miaka thelathini. Nikalifungua. Nikageuza skrini ili aone. Tupu, tupu, tupu, tupu. Nilikuwa na uso wa mtu aliyeshinda kesi.

Akafungua daftari, akalaza kidole kwenye ukurasa, akasoma taratibu kama anavyowasomea wanafunzi imla: mwenye shamba Yustina, majirani wanne na majina yao, hali ni ntumba, msimu wa mwisho ulezi. Akasema aliyaingiza hayo yote siku ile ile alipoyaandika daftarini, na mashine ya parokia ilimjibu "imehifadhiwa", na yeye hana desturi ya kubishana na mashine inayosema imehifadhi.

Nikamwambia kwamba pengine alibonyeza vibaya, kwamba kompyuta haina chuki na mtu, kwamba kilichomo ndicho inachoonyesha na kisichomo haiwezi kukionyesha. Nilizungumza kwa upole. Upole wangu ukiwa hivyo ni tusi, na anaujua tangu nikiwa na meno ya utoto.

Akaniacha nimalize. Kisha akaelekeza kidole kwenye kile kidirisha nilichokipenda.

"Hiki chako," akauliza, "kimechimba, au kimechungulia?"

Nikavuta kibodi.

Niliacha kikaguzi, nikaenda kwenye sehemu ya kuandikia amri, nikaiuliza programu kwa njia yake halali, kwa mkono, swali moja: mwenye shamba hili ni nani? Jibu likaja mara moja, bila haraka wala aibu.

Yustina.

Nikauliza hali. Ntumba. Nikauliza msimu. Ulezi. Nikauliza majirani, wakajitokeza wanne, kwa majina yale yale yaliyokuwa chini ya kidole cha Mwalimu, na mmoja wao akiwa yeye mwenyewe.

"Kumbe mwenzetu yumo," akasema Mwalimu, "na hajahama."

Sasa nieleze, kwa sababu kosa hili ni langu na nataka lijulikane umbo lake. Kitu kinachoishi kwenye kumbukumbu ya mashine peke yake hufa umeme ukikatika, na umeme wa huku hauombi ruhusa. Kwa hiyo mashamba nilikuwa nimeyafanya vitu vya kudumu: habari zake zinakaa kwenye diski. Kinachobaki juu, kwenye kumbukumbu, ni ganda lenye namba. Ukiuliza kwa njia halali, programu inasoma namba, inashuka diskini, inarudi na jibu. Lakini kikaguzi, kama kilivyotengenezwa na wenyewe, hakijui habari za kushuka. Kinaangalia ndani ya ganda moja kwa moja, kinakuta ganda halina kitu, kinaandika kwamba hapajajazwa.

Mwanzoni, nilipokuwa najaribu programu kwa mashamba ya kubuni, yalikuwa vitu vya kawaida, na kikaguzi kilionyesha kila kitu. Niliyageuza kuwa ya kudumu siku mbili kabla ya kumkabidhi Mwalimu fomu. Kikaguzi sikukigusa. Nilibadilisha mahali habari zinapokaa, nikaendelea kuzitafuta mahali pa zamani, nilipozikosa nikamwita mtu mwizi.

Na mimi ni yule yule wa zile makala nne kuhusu mpima aliyetazama ntumba akaona uwanja mtupu. Mfipa wa kuzaliwa, mwana wa mama aliyelima ntumba mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Mpima angalau alikuwa mgeni.

Mwalimu hakulia wala hakunilaani. Aliniuliza ile makala niliiandika kwa muda gani. Nikamwambia, nikiwa natazama sakafu, kama saa moja. Akasema yeye alitembea miezi miwili, na katika saa yangu ile ilikosekana dakika ya kumuuliza. Kisha akasema kengele ya mtu mzima haipigwi mara mbili, akakunja mfuko wake wa nailoni, madaftari akaniachia.

Nimefanya kazi tangu Jumatatu hiyo hadi leo mchana, na nimefanya kazi nzuri. Sitaionea haya.

Uzuri wa Lisp ni kwamba kikaguzi chenyewe nacho kiko wazi. Sikuandika barua kwa kampuni nikasubiri toleo jipya. Kikaguzi, kila kinapokabidhiwa kitu, huita kipande kimoja cha programu kinachouliza: kitu cha aina hii kinaonyeshwaje? Kwa kila aina unaweza kuandika jibu lako. Nikaandika jibu la vitu vya kudumu: usiangalie ganda, fungua diski, uliza kila nafasi kwa njia yake halali, lete unachopewa, funga. Mistari michache. Nilipokielekeza tena kwenye shamba la Mama Yustina, akajitokeza yeye na ulezi wake, nikasimama nikazunguka meza.

Kisha mashine ikaganda. Nilikuwa nimekiambia kilete kila kitu, na kwetu kila shamba lina majirani, na majirani wana majirani. Kikaguzi kilianza kwa Yustina, kikapita kwa Mwalimu, kikaruka korongo, kikazunguka kijiji chote kikirudi kwa Yustina na kuanza upya, kama mmbea wa harusini. Nikazima, nikafikiri, nikakifundisha adabu: jirani atajwe kwa jina tu, na mlango wake ufunguliwe pale tu utakapobisha.

Jambo la tatu ndilo ninalojivunia zaidi. Nimelipiga marufuku neno "tupu". Neno hilo moja lilikuwa linabeba mizigo mitatu tofauti, na mpima na mimi tuliangukia kwenye shimo lake. Sasa kikaguzi kikiona nafasi haina jibu, kinalazimika kusema ni kwa nini: hapajaulizwa bado, au paliulizwa na jibu halikupatikana, au diski imeshindwa kusomeka, kamwite fundi. Na palipoulizwa pakakosa jibu, kinaonyesha maelezo aliyoandika Mwalimu. Maana Mwalimu alikuwa ameandika maelezo. Fomu ilikuwa na nafasi ya maelezo chini kabisa, niliiweka kama mapambo, naye aliijaza kila ilipohitajika: "mjane, amehamia kijiji cha Mwazye kwa mwanawe, jirani anathibitisha", "ng'ombe wa Msukuma wa ng'ambo ya korongo wamelishwa hapa kwa ruhusa ya mwenyewe, wote wawili wamekiri". Nilisoma maelezo hayo kama riwaya.

Jana Mwenyekiti wa kijiji, Dismas, alikuja kuona. Nilimfungulia shamba lake, akalitazama muda mrefu, akatabasamu alipoona jina la baba yake. Halafu akafunga mlango wa barazani, akaniambia taratibu kwamba tunayo rejista nzuri na tusijitafutie ugonjwa. Ile makala niifute kimya kimya. Watu wa wilaya hawasomi intaneti. Mtu wa mwekezaji akitoa karatasi yake, tuseme hatuijui.

Nikamwambia nitakiri kwa maandishi, na Jumamosi nitakiri kwa mdomo.

"Ukikiri mashine iliona vibaya," akasema Dismas, "watakuuliza leo imepona kwa dawa gani."

Ni hoja nzito, na sidharau hoja nzito. Nimeilalia usiku kucha. Jibu langu ni kwamba nitawaonyesha dawa yenyewe. Nitabeba kompyuta na betri ya gari mpaka kwenye mkutano, madaftari ya Mwalimu yatakaa mezani, na yeyote, hata mpima, achague shamba. Kikaguzi kifungue, Mwalimu asome daftari, mwenye shamba na majirani zake wasimame walipo. Vitu vitatu vikisema neno moja, mwenye kubisha abishe na udongo. Programu za maboksi haziwezi kufanya hivyo. Ramani ya mwekezaji haiwezi kufanya hivyo.

Basi na iandikwe hapa: makala yangu ya wiki iliyopita ni ya uongo, na uongo huo ni wangu peke yangu. Mwalimu Desideria alifanya kazi yake kwa uaminifu kuliko nilivyofanya yangu. Sijaifuta makala. Nimeiacha ilipo, na juu yake nimeweka maneno haya kwa herufi kubwa, ili atakayeichapa achape vyote viwili.

Ningependa kuishia hapo. Ni mwisho mzuri, unanipendeza.

Lakini leo mchana, baada ya kumaliza, nilikiambia kikaguzi kinipangie mashamba yote yaliyoulizwa yakakosa jibu. Nilitaka kuyajua kabla ya Jumamosi, maana hayo ndiyo watakayoyarukia. Yalikuwa machache. Nikayafungua moja moja, nikisoma maelezo. La yule mjane. La mgogoro wa ndugu wawili ambao hawasalimiani. Na moja kando ya korongo, lenye jina ninalolijua, kwa sababu ni jina la babu yangu.

Shamba la baba, alilorithi kwa babu akaniachia mimi. Tangu nirudi kutoka Dar es Salaam nimepita kando yake mara nyingi, nikielekea kutetea mashamba ya watu.

Mwenye shamba: jina langu. Majirani: wanne, kamili. Hali: iliulizwa, haikujibiwa. Msimu wa mwisho: iliulizwa, haikujibiwa. Na chini, maelezo ya Mwalimu, kwa ufupi wake ule wa kuandika kwenye ripoti za watoto:

"Mwenyewe ameitwa mara mbili aje aonyeshe mipaka. Anasema anaandika."

Nimekumbuka. Alimtuma mtoto wa jirani mara ya kwanza, mara ya pili alipita mwenyewe dirishani. Mara zote mbili nilikuwa kwenye ile makala ya tatu, inayohusu watu wasiojua maana ya jembe.

Lazima niseme kilichofuata, maana bila hicho shajara hii nayo ni hewa. Kikaguzi hakionyeshi tu. Kina njia ya kuandika. Unaweka mshale kwenye nafasi, unabonyeza, unajaza unachotaka, na kwa vitu vya kudumu kinashuka hadi diskini moja kwa moja. Neno moja, ntumba. Neno lingine, ulezi. Hakuna ambaye angejua. Majirani zangu wananiheshimu, wangenyamaza. Shamba la baba lingebaki la kwetu, na ningeweza hata kulilima mwaka ujao, nikaufanya uongo uwe kweli kwa kuchelewa kidogo tu. Nilikaa na kidole juu ya kitufe kwa muda ambao sitautaja.

Kisha nikaondoa njia ya kuandika. Si kwa shamba langu tu. Kwa rejista nzima. Nilirudi kwenye ile mistari yangu na kuikata hapo hapo. Kikaguzi cha vitu vya kudumu kitaona, hakitagusa. Anayetaka kubadilisha apitie fomu, yenye jina lake na tarehe na daftari. Ni sehemu bora kuliko zote nilizoandika wiki hii.

Dismas akijua atasema nimemkabidhi mwekezaji kipande cha kwanza kwa mkono wangu. Huenda. Baba hakuniachia kitu kingine. Lakini mkutano utaniuliza mashine imepona kwa dawa gani, na sina dawa nyingine ya kuwaonyesha ila rejista isiyomficha hata aliyeitengeneza.

Keshokutwa, kabla mpima hajachagua shamba, nitaomba kuchagua mimi. Nitafungua la baba. Nitageuza skrini kuelekea watu wa wilaya, kisha kuelekea Mwalimu, na nitasoma kilichomo kwa sauti, nafasi kwa nafasi, mpaka kwenye maelezo, mpaka neno la mwisho la maelezo hayo. Baada yangu, mwenye kutilia shaka shamba la Mama Yustina aje mbele.